Unataka kuwa Mkatoliki ukubwani? Anza na mambo ya ndoa yako

Mtu mzima akiniambia anataka kuwa Mkatoliki, simuulizi kwanza habari za imani. Namuuliza: umewahi kubatizwa? Halafu: umeoa au umeolewa, sasa au zamani? Wengi hushangaa, maana walikuja wamejiandaa kuulizwa kuhusu Bikira Maria na Papa. Hayo yana wakati wake, katekista, yaani mwalimu wa dini, atayafikia. Lakini majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua utapita njia ipi, na utakaa njiani muda gani.

Mimi niliingia Kanisani nikiwa mtu mzima, sijabatizwa popote kabla ya hapo. Tangu wakati huo nimekuwa msimamizi (mzazi wa ubatizo) wa wengine na nimemsaidia katekista kufundisha. Haya ndiyo ninayowaambia watu pembeni, mafundisho yakishaisha.

Kama ulibatizwa katika kanisa jingine kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, ubatizo huo unatambuliwa na hutabatizwa tena. Ndivyo ilivyo kwa Walutheri, Waanglikana, Wamethodisti na wengine wengi. Mtu wa namna hiyo hupokelewa katika ushirika kamili: anakiri imani, anapewa Kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu), anapokea Komunyo, yaani Ekaristi. Anayetoka Kanisa la Kiorthodoksi hata Kipaimara harudii, kwa sababu alishakipata. Ubatizo wa Wamormoni hautambuliwi. Roma ilitoa jibu hilo mwaka 2001. Pakiwa na shaka ya kweli, padre hubatiza kwa masharti, yaani kwa kusema “kama hujabatizwa”.

Kwa hiyo tafuta cheti chako sasa. Kikikosekana kabisa, Sheria ya Kanisa, kanuni ya 876, inakubali ushuhuda wa mtu mmoja wa kuaminika aliyeshuhudia, au kiapo chako mwenyewe kama ulibatizwa ukiwa mkubwa. Na kama umeshabatizwa, usikubali kuitwa mkatekumeni, yaani mtu asiyebatizwa anayejiandaa kubatizwa, kwa kawaida wakati wa Pasaka. Ibada yenyewe ya kuwaingiza watu wazima Kanisani inataka mtofautishwe na wasiobatizwa, na hakuna sheria inayokulazimisha kungoja Pasaka. Ukiwa tayari Oktoba, unaweza kupokelewa Oktoba. Kabla ya hapo utafanya kitubio, yaani utaungama dhambi zako. Asiyebatizwa yeye haungami, kwa kuwa ubatizo unamwondolea dhambi zote. Nimeshaona mtu akimwonea wivu mwenzake kwa hilo.

Sasa ndoa. Hapa ndipo watu wanapokwama, na wanakwama kwa kunyamaza. Mtu anahudhuria mafundisho mwaka mzima, anajua sala zote, amenunua hadi nguo ya Pasaka, halafu Kwaresima inakaribia ndipo anasema aliwahi kufunga ndoa na mtu mwingine, wakaachana. Anadhani ndoa ile haihesabiki, kwa vile haikufungwa kwa padre. Inahesabika. Kanisa huchukulia kwamba ndoa ya watu wawili wasio Wakatoliki ni halali hadi ithibitishwe vinginevyo, hata kama waliifunga serikalini. Talaka ya mahakama haiivunji mbele ya Kanisa. Kama sasa unaishi na mwenzi mwingine, na wa kwanza yu hai, kwa kawaida kesi yako itabidi ipelekwe kwenye mahakama ya Kanisa ya jimbo la askofu, ichunguzwe kama ndoa ile ilikuwa batili tangu mwanzo. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha utaratibu huo: hukumu moja ya ubatili inatosha, haihitaji tena kuthibitishwa na mahakama ya pili. Hata hivyo kuna mashahidi wa kusikilizwa na karatasi za kukusanya, na mambo hayo hayaendi kwa kasi ya hamu yako.

Zipo habari njema pia. Mume na mke wasiobatizwa waliooana kihalali, wakibatizwa wote wawili, ndoa yao inakuwa sakramenti papo hapo, bila kurudia harusi. Na kama mwenzi wako ni Mkatoliki ila mlifunga ndoa nje ya Kanisa bila ruhusa, mara nyingi jambo hilo hurekebishwa kwa ibada fupi. Lakini padre hawezi kurekebisha asichoambiwa. Mwombe nafasi mkae peke yenu, wiki ya kwanza kabisa, umweleze ulivyo. Usimweleze katekista mbele ya darasa, na usimwachie mwenzi wako akusemee.

Mafundisho yenyewe, nikisema ukweli, ni sehemu nyepesi. Si mtihani, ingawa wapo wanaoyaendesha kama mtihani, na mimi hilo sijawahi kulipenda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960, uliagiza ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, na ibada yake mpya ikatolewa Roma mwaka 1972. Ukiisoma unaona inazungumzia kubadilika kwa maisha kuliko kukariri. Kanuni ya 865 inataka mtu mzima aonyeshe nia yake, afundishwe kweli za imani na wajibu wa Kikristo, ajaribiwe katika kuishi Kikristo, na ajutie dhambi zake. Muda haukupangwa: ni mwaka mmoja kwa huyu, zaidi kwa yule. Mtakatifu Augustino aliandikwa mkatekumeni tangu utotoni, akaja kubatizwa na Mtakatifu Ambrosi huko Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, akiwa na miaka 32. Nakubali, si mfano wa kuiga kwa ucheleweshaji.

Ibada ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kupokelewa katika ukatekumeni, na ndiyo wengi hawaambiwi mapema kwamba ipo. Unasimama mlangoni mwa kanisa. Padre anakuuliza unaomba nini kwa Kanisa la Mungu, unajibu: imani. Imani inakupatia nini? Uzima wa milele. Kisha unawekewa ishara ya msalaba kwenye paji la uso, na pengine msimamizi wako anaendelea: masikio, macho, midomo, kifua, mabega. Mahali pengine hufika hadi mikono na miguu. Mara ya kwanza nilipoinama kugusa viatu vya mtu niliyekuwa namsimamia, mtu mzima kuliko mimi, aliyekuwa akinicheka kila mara kwa utani wake, alikuwa akitetemeka magoti. Tangu siku hiyo wewe ni wa nyumbani kiasi kwamba ukifariki kabla ya kubatizwa, unazikwa Kikatoliki.

Dominika (Jumapili) ya kwanza ya Kwaresima majina ya walio tayari huandikwa, mara nyingi mbele ya askofu. Dominika ya tatu, ya nne na ya tano kuna ibada za takaso, yaani za kuwaombea hao watakaswe, zenye Injili za mwanamke Msamaria, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro. Zisome nyumbani kabla, usizisikie kwa mara ya kwanza pale. Katika Mkesha wa Pasaka unapewa yote matatu usiku mmoja: Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi. Huhitaji kungoja askofu kwa ajili ya Kipaimara, padre anayembatiza mtu mzima ana mamlaka hayo kisheria. Beba taulo na nguo za kubadilisha, na ule kitu mapema, kwa sababu ibada ni ndefu na saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haikuzuii kupata chakula cha jioni.

Kuhusu jina: si lazima kisheria liwe la mtakatifu. Kanuni ya 855 inakataza tu jina lililo geni kwa hisia ya Kikristo. Ukipenda kuchukua la mtakatifu, jifunze kwanza maisha yake. Kuna watu hawajui hata karne aliyoishi somo wao, yaani mtakatifu wanayeitwa kwa jina lake. Na sakramenti haziuzwi. Sadaka iliyopangwa na maaskofu ipo, lakini asiye na uwezo hanyimwi sakramenti kwa sababu hiyo.

Msimamizi awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, awe ametimiza miaka 16 na anaishi imani yake, na asiwe mzazi wako. Anatosha mmoja. Ushauri wangu ni usimchague mtu kwa heshima au kwa zawadi atakayotoa. Chagua yule unayeweza kumpigia simu Mei, Dominika ya mvua, ukiwa huna hamu kabisa ya kwenda Misa. Wapya wengi hupotea miezi hiyo, shangwe zikiisha, darasa likifungwa na hakuna tena anayewatarajia. Ibada imeweka kipindi cha mistagojia, yaani mafundisho ya kuwakuza waliokwisha kubatizwa, baada ya Pasaka kwa ajili hiyo hiyo, lakini parokia nyingi hukiruka. Parokia yako ikikiruka, jiunge na kwaya, chama, kundi la Biblia, chochote chenye watu watakaouliza uko wapi usipoonekana.

Hakikisha pia jina lako na tarehe vimeandikwa sawasawa kwenye kitabu cha ubatizo, kabla hujaondoka na cheti. Kosa la herufi moja ni rahisi kusahihishwa wiki hiyo, na ni kazi kubwa miaka kumi baadaye, unapotaka kufunga ndoa au unapoombwa na mtu mwingine uwe msimamizi wake. Ombi hilo la pili huja mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu anayefuata atataka mtu aliyepita njia hiyo juzi tu.