Mwimbaji mkubwa akifa, wiki ile tusikilize nini? Jibu langu kwa mfano wa Michael Jackson

Mtoa mada ameuliza mambo mawili: kwa nini nyimbo za msanii hupanda chati siku anapofariki, na mpenzi wa muziki afanye nini wiki ile asije akaishia kununua vitu vya ovyo. Nitajibu kwa kifo cha Michael Jackson. Karibu yote tunayoyaona leo msanii mkubwa akiondoka yalionekana pale kwa ukubwa ambao haujawahi kutokea, na ameacha kazi ambayo Mswahili ana sababu zake za kuisikiliza kwa makini.

Tuanze na saa zile za kwanza. Alitangazwa kufariki Alhamisi tarehe 25 Juni 2009, saa nane na dakika 26 mchana kwa saa za Los Angeles. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa sita na dakika 26 usiku, kuamkia Ijumaa. Dakika 18 baadaye tovuti ya TMZ ikawa imeshatoa habari. Watu walikimbilia mtandaoni kwa wingi hivi kwamba mitambo ya Google ilidhani imeshambuliwa, ikaanza kuwazuia waliokuwa wakitafuta jina lake. Twitter na Wikipedia nazo zikalemewa.

Siku hiyo hiyo ikazuka habari kwamba mwigizaji Jeff Goldblum naye amefariki kwa kuanguka huko New Zealand. Ulikuwa uongo mtupu, lakini ulisambaa kwa sababu siku hiyo watu walikuwa tayari kuamini lolote. Kwa hiyo kabla hujasambaza tanzia, ngoja mojawapo ya sauti tatu: familia, hospitali, au ofisi ya serikali inayochunguza vifo. Kwa Michael, kaka yake Jermaine alisimama mbele ya waandishi hospitalini siku ile ile. Ukiona tanzia imerudiwa na kurasa hamsini, kisha zote zinanukuu ukurasa mmoja, ujue bado una chanzo kimoja tu.

Sasa chati. Chati haipimi mapenzi, inapima mauzo au usikilizaji ndani ya siku saba zilizopangwa. Nchini Marekani wiki ile ya hesabu ilifungwa Jumapili tarehe 28 Juni, yaani mauzo ya baada ya kifo yalikuwa na siku nne tu, na bado zikauzwa nakala 422,000 za albamu zake. Mkusanyiko wa Number Ones wa mwaka 2003 peke yake uliuza 108,000. Zaidi ya nusu ya albamu zile zilipakuliwa mtandaoni, na sababu yake ni rahisi: duka huweka nakala chache za albamu ya zamani, zikiisha mteja anasubiri mzigo mpya, ila faili haliishi.

Hapo ndipo kanuni za Billboard, jarida linalopanga chati za Marekani, zilipoonekana hazifai. Wakati huo albamu iliyopita miezi 18 na kushuka chini ya nafasi ya 100 ilihamishiwa kwenye chati ya albamu za zamani. Ikatokea albamu iliyoongoza mauzo ya nchi nzima haimo kwenye chati kuu ya albamu 200! Mwishoni mwa 2009 kanuni ikabadilishwa. Ndiyo maana leo msanii akifa unaona albamu zake za miaka thelathini nyuma zinarudi kwenye chati ile ile ya akina dada na kaka wa sasa. Mlango ulifunguliwa na msiba ule.

Bei nayo iangaliwe. Whitney Houston alipofariki tarehe 11 Februari 2012, bei ya mkusanyiko wake The Ultimate Collection kwenye duka la iTunes la Uingereza ilipanda kutoka pauni 4.99 hadi 7.99 ndani ya saa chache. Wapenzi wake wakaja juu, bei ikarudishwa, na kampuni ya Sony ikaomba radhi ikisema ni kosa lililofanyika. Mimi nalitumia tukio lile kama kipimo: wiki ya kwanza usinunue chochote cha mkono wa pili. Santuri ambayo juzi ilikuwa haina mnunuzi, leo muuzaji ameiandika adimu. Thriller ni miongoni mwa albamu zilizochapishwa kwa wingi kuliko zote duniani, haiwezi kuwa adimu kwa sababu ya msiba. Ngoja miezi mitatu, minne, hata sita. Wenye haraka wakishauza, bei itashuka yenyewe.

Ukiamua kununua, usitazame kava tu. Kwenye santuri, inamisha bamba chini ya taa uangalie ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Pana namba zilizochorwa kwenye plastiki yenyewe, na ndizo zinazosema bamba lilitoka kwenye uchapaji upi. Namba ya katalogi iliyo kwenye mgongo wa kava nayo ilingane na ya lebo. Thriller ya Marekani ya 1982 ni QE 38112, ya Uingereza ni EPC 85930, Off the Wall ya Marekani ni FE 35745. Kava la nakala moja likiwa na bamba la nakala nyingine, umeuziwa mchanganyiko.

Toleo lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa albamu hizi hazikubaki zilivyotoka. Off the Wall za mwanzo zina michanganyo mingine ya Rock with You na Get on the Floor. Kwenye Bad za mwanzo, I Just Can't Stop Loving You inaanza kwa maneno ya kunong'ona, na matoleo ya baadaye yakayaondoa. Leave Me Alone haikuwemo kabisa kwenye santuri ya 1987, ilikuwa kwenye CD tu. Halafu mwaka 2001 yakaja matoleo maalumu yaliyopandishwa kiwango cha sauti. Fungua wimbo mmoja wa CD ya zamani na ule ule wa toleo la baadaye kwenye programu kama Audacity, uviweke juu na chini. Wa zamani utauona una vilele na mabonde, ngoma ikipigwa inachomoza. Wa baadaye, uliokandamizwa, umejaa kama tofali. Kwenye spika ya simu huu wa pili utaona una nguvu, lakini ukikaa nao saa nzima masikio yanachoka, kwa kuwa hakuna pumziko kati ya kishindo na kimya.

Suala zito zaidi kwangu ni nyimbo zinazotolewa baada ya kifo. Hapa msikilizaji mwenye huzuni ndiye anayelengwa, na ndipo anapoumizwa. Desemba 2010 ilitoka albamu iitwayo Michael. Nyimbo zake tatu, Breaking News, Keep Your Head Up na Monster, zilipingwa tangu siku ya kwanza na mashabiki, na hata watu wa familia, wakisema sauti ile si yake. Kesi ikaenda mahakamani California miaka mingi, na Julai 2022 nyimbo hizo zikaondolewa kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni. Miaka 12 karibu! Waliosema mapema hawakuwa na mashine yoyote. Walikuwa wameisikiliza sauti ya Michael maelfu ya mara, wakajua anavyovuta pumzi kabla ya mstari, anavyokata neno mwishoni, na mtetemo wa sauti unavyoanza polepole kisha kukaza.

Linganisha na Xscape ya 2014. Toleo lake kubwa liliweka nyimbo nane zilizovikwa midundo mipya, kisha likaweka na rekodi zile zile kama alivyoziacha mwenyewe. Huo ndio uungwana. Ukiinunua, anza na zile za asili, halafu uamue kama nguo mpya zilihitajika. Kwa albamu yoyote ya marehemu jiulize: alimaliza kuimba mwenyewe? Mchanganyo wa mwisho aliusikia? Alikuwa na nafasi ya kuutoa akiwa hai akakataa? Siku hizi ambapo kompyuta inaigiza sauti ya mtu yeyote, wimbo mpya wa marehemu usio na jina la studio, mwaka, wala mhandisi wa sauti, mimi siugusi.

Kuna kitu kingine ambacho kwenye misiba ya wasanii hukosewa kila mara: kuchukua kila wimbo kama barua ya siri ya marehemu. Man in the Mirror ulipigwa kila kona kama ungamo lake, lakini uliandikwa na Siedah Garrett na Glen Ballard. Thriller, Off the Wall na Rock with You ni za Rod Temperton, Mwingereza. Human Nature ni ya Steve Porcaro na John Bettis. Kuyajua haya hakumpunguzii Michael kitu, kunatuonyesha alichokuwa anakifanya hasa: kuchukua wimbo wa mwenzake na kuuimba mpaka dunia nzima ikaamini ni maisha yake. Na pesa inakokwenda inafuata mgawanyo huo. Kila wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Ukisikiliza Human Nature leo, sehemu ya utunzi inawaendea waandishi wake, wala haiingii kwenye mirathi ya Michael. Kama nia yako ni kuisaidia familia ya msanii yeyote, soma kwanza nani ameandika nini.

Kwa wale wenye kaseti za wazazi nyumbani, wiki ya msiba ndiyo wiki zinapoharibiwa, kwa sababu zinatolewa kabatini baada ya miaka ishirini na kutumbukizwa kwenye redio moja kwa moja. Usifanye hivyo. Tazama kwanza kile kipande kidogo cha sponji katikati ya mdomo wa kaseti. Kikiwa kimeng'oka, utepe hautagusa kichwa sawasawa na sauti itafifia. Zungusha gurudumu kwa penseli kuhakikisha utepe haujagandana, kisha peleka mbele hadi mwisho na urudishe mara moja bila kupiga. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, iache ikauke. Sauti ikiwa imeziba, tafuta skurubu ndogo pembeni ya kichwa, izungushe kidogo kidogo, isizidi robo mzunguko, mpaka matoazi yasikike safi.

Ukiingiza kwenye kompyuta, vilele vya sauti viishie karibu na desibeli 6 chini ya ukomo. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 96 kama nafasi ipo, ambapo saa moja inachukua takriban GB 2. Kwa kiwango cha CD saa moja ni kama MB 635. Hifadhi kama WAV au FLAC, aina za faili zisizopunguza ubora wa sauti. Usiondoe mvumo wa utepe kwenye nakala mama, fanya usafi kwenye nakala ya pili, kwa sababu programu ikishakula matoazi pamoja na mvumo huwezi kuyarudisha. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba.

Sasa swali la tusikilize nini. Ningekushauri uanze na Billie Jean kwa vipokea sauti vya masikioni, siyo spika ya simu. Sikiliza ngoma peke yake kwanza, kabla besi ya Louis Johnson haijaingia. Mhandisi wa sauti Bruce Swedien aliifunika ngoma kubwa kwa kifuniko maalumu na kuweka ubao kati ya ngoma ndogo na matoazi, kila kimoja kisimwagikie kwenye maikrofoni ya mwenzake. Ndiyo maana unaweza kunyoosha kidole mahali kila pigo linapotokea. Anayepiga ni Leon Chancler, ambaye dunia ya muziki ilimjua kwa jina la Ndugu. Ni Kiswahili chetu hicho hicho, jina la miaka ile wanamuziki weusi wa Marekani walipokuwa wakijichagulia majina ya Kiafrika. Ndugu huyo huyo alipiga kwenye Mwandishi, albamu ya mpiga piano wa jazz Herbie Hancock ya 1971. Chancler alifariki Februari 2018, bila mtandao wowote kuzimika.

Kutoka hapo nenda Wanna Be Startin' Somethin', ufike mwishoni kwenye kile kibwagizo cha "makossa". Kimetoka kwa Manu Dibango wa Kameruni, kwenye Soul Makossa ya 1972, na Dibango alilazimika kudai haki yake kisheria. Isikilize na ya kwake.

Halafu malizia na Liberian Girl, kwenye Bad. Sauti ya mwanamke inayofungua wimbo ni ya Letta Mbulu wa Afrika Kusini, na maneno ya Kiswahili yalipangwa na mumewe, Caiphus Semenya. Anasema "nakupenda pia, nakutaka pia, mpenziwe". Kwa sarufi yetu "mpenziwe" ni mpenzi wake, mpenzi wa mtu mwingine, siyo yule unayezungumza naye. Mwalimu angelipigia mstari mwekundu. Lakini miaka mitano kabla hajakanyaga Tanzania na kupokewa na Rais Mwinyi, mwaka 1992, Michael alikuwa ameshaacha mlango wa wimbo wake ufunguliwe kwa lugha hii. Ongeza sauti kidogo kabla hujabonyeza, kwa sababu Letta anaongea chini sana, na Michael mwenyewe bado hajaanza kuimba.