Kusafisha Damu Nyumbani, Muuguzi Akiwa Kwenye Simu

SWALI: Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ahero. Presha iliua figo zake, na sasa huenda Kisumu mara mbili kwa wiki kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Mto Nyando ukifurika, kufika ni bahati. Daktari ametueleza kuna njia ya kusafishia nyumbani kupitia tumboni, muuguzi akitufuatilia kwa simu. Mama mkwe hataki kusikia. Anasema nyumba yetu si hospitali. Mimi naogopa hiyo simu. Mtu aliye Kisumu ataonaje yaliyo tumboni mwa mtu wa Ahero?
Mama Watoto, Ahero

JIBU: Tumemwomba msomaji wetu, fundi cherehani wa Kondele anayetumia njia hiyo, akujibu.

Dada yangu, mwambie mama, kwa heshima zake zote, kwamba kinachohitajika ni chumba kimoja chenye mlango unaofungika. Mimi hubadilishia maji chumbani mle mle ninamoshonea. Nafunga dirisha, nazima feni (na joto la Kisumu unalijua), navaa barakoa, nanawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri. Lita mbili za maji ya dawa zinaingia tumboni kwa mrija, zinakaa saa nne hadi sita, utando wa ndani ya tumbo unachuja uchafu, kisha yale yanatoka na mengine yanaingia. Kwa wengi ni mara nne kwa siku. Maji yakiwa tumboni, mimi naendelea kushona sare za shule. Njia hii ya kubadilisha kwa mkono haihitaji stima. Ila kuku wako, Mama Watoto, wakae nje saa hiyo. Paka pia.

Sasa simu. Simu haioni kitu usichoionyesha. Kila asubuhi najipima uzito na presha, naandika daftarini maji yaliyoingia na yaliyotoka, kisha naupiga picha ukurasa na kumtumia muuguzi kwa WhatsApp. Uzito ukipanda ghafla na miguu ikivimba, ananipigia yeye kabla sijampigia. Mfuko wa maji yaliyotoka naulaza juu ya gazeti: nikiweza kusoma maandishi kupitia mfuko, naendelea na siku yangu. Yakiwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, usingoje kesho, hata kama Mwalimu anasema hajambo. Huenda vijidudu vimeingia tumboni, hasa akiwa na maumivu au homa. Piga simu saa hiyo hiyo, usiumwage ule mfuko, uende nao hospitali. Hapo simu imemaliza kazi yake, tafuteni gari.

Kuna jambo ambalo vijitabu vya hospitali hulipitia haraka: choo. Siku moja maji yaligoma kutoka. Nilisimama, nikalala ubavu, nikaunyoosha mrija, wapi! Muuguzi aliuliza swali moja tu: mara ya mwisho kwenda haja kubwa ilikuwa lini? Utumbo ukijaa huubana mrija. Akaniambia la kufanya, na jioni maji yakatiririka. Wanaume hawapendi kuulizwa mambo hayo, na mwalimu aliyezoea kuuliza wengine ndiye mgumu zaidi. Muulize wewe, uandike daftarini.

Chakula kwangu kimekuwa afadhali kuliko nilipokuwa kwenye mashine, kwa kuwa maji huondoka na protini na inabidi irudishwe. Mayai, samaki kama ngege, kuku. Omena muulizeni kwanza mtaalamu wa lishe, maana huliwa na mifupa yake na fosforasi ni nyingi. Chumvi ipunguzwe; ndiyo inayoleta kiu. Kuoga ni sawa akishafundishwa kulinda kidonda pale mrija unapotokea, lakini kuogelea mtoni au ziwani, hapana kabisa.

Kero yangu kubwa ni maboksi. Lita nane kwa siku, hesabu mwezi mzima! Hapa Kondele nimepoteza pembe nzima ya chumba. Kwenu Ahero, uwanda wa Kano, msiyaweke sakafuni. Yainueni juu ya mbao, mbali na jua, na sehemu yake mumwachie jamaa anayeishi mlimani, ili mafuriko yasiwakute mikono mitupu.

Malipo nayo yasidhaniwe. Tangu bima ya afya ya SHA ichukue nafasi ya ile ya NHIF Oktoba 2024, mambo mengi ya malipo yamebadilika. Kabla hajawekwa mrija, nendeni dirisha la SHA hospitalini mkaulize wazi: maji ya kila mwezi yanalipiwa yote, na nani anayafikisha Ahero?

Mafunzo mwende wote wawili, lakini mikono iwe ya Mwalimu. Una matanga, una shamba, una watoto. Hutakuwepo kila saa. Na kabla hamjatoka wodini, ombeni namba inayopokelewa usiku, kisha ipigeni mkiwa bado pale pale muone nani anaitika.