Floraidi kwenye maji: kwetu Arusha tupunguziwe

Ndugu, unauliza kwa nini nasi tusiwekewe floraidi, madini ambayo kwa kiasi kidogo hulinda meno, kwenye maji ya bomba kama Marekani. Wenzetu wanaiongeza, tangu mji wao wa Grand Rapids ulipoanza mwaka 1945, kwa sababu maji yao mengi yana kiasi kidogo mno; kipimo wanachoshauri sasa ni miligramu 0.7 kwa lita. Huku kuzunguka Mlima Meru visima vingi vinapita ukomo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wanaota meno ya kahawia yenye vishimo, wengine hata miguu inapinda! Sisi tupunguziwe, jamani. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki palepale. Chujio la mkaa wa mifupa ndilo linaloitoa. Na maharage msiyapike kwa magadi, magadi nayo yana floraidi.