Kasiye mbili za Primus

Mmeuliza wiki hii: mwanaume mwenye shida katika ndoa yake, aende kwa mshauri au kwa wazee wa familia? Mimi ni mtu wa Goma, nina miaka 46, na nimepita kwa wote wawili. Nimeanza kuandika nikiwa na hasira na wazee, mtanivumilia.

Mji ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga milango na mshahara wangu ukaishia hapo. Aliyebeba nyumba ni bibi yangu, mke wangu. Saa kumi alfajiri yuko njia ya soko la Kituku kununua sambaza, samaki wadogo wa ziwa, saa mbili anazitembeza Katindo na beseni kichwani. Mimi nashinda nyumbani. Kila asubuhi aliniachia faranga za unga na sabuni chini ya kopo la sukari, bila neno. Wala hakuwa na dharau. Lakini lile kopo nililichukia. Siku moja nikalirusha ukutani. Sukari ikatawanyika mpaka chini ya kitanda cha watoto, mdogo akaanza kuiokota na kuilamba. Bibi yangu akachukua ufagio, akafagia, na jioni akampigia simu baba mukubwa.

Walikuja Jumapili, wazee wanne. Na mnajua kikao cha wazee hakianzi koo zikiwa kavu. Mimi sikuwa na hata faranga mia. Bibi yangu akafungua kitenge, akatoa pesa ya mtaji, na kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akaleta kasiye mbili, yaani kreti, za bia ya Primus kutoka depo.

Wakaanza na yeye. Ulimkosea nini bwana yako? Unamjibu vibaya? Unamnyima? Baba mukubwa akasema hata sheria inajua mwanaume ndiye mkuu wa nyumba. Shemeji yangu, anayesoma sheria, akamkumbusha kwamba Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 ilirekebishwa 2016: ukuu ulibaki, lakini mke haombi tena ruhusa ya bwana ili atie sahihi mkataba. Akaambiwa anyamaze, kikao si cha vijana. Mimi niliambiwa neno moja tu: jikaze. Saa tatu nzima nilikuwa nahesabu chupa. Hii ni unga wa kesho. Hii ni nusu beseni. Walikunywa jasho lake huku wakimfundisha kumheshimu anayemlisha! Hakuna aliyeuliza sukari ilifikaje ukutani.

Mshauri nilimwona mwezi uliofuata, katika ofisi ya shirika moja. Binti mwenye adabu, ana tableti mkononi. Aliniuliza mara tatu, kila mara kwa maneno mengine, kama nimempiga bibi yangu. Sijampiga. Najua wanawake wa mkoa huu wametendewa nini, na binti yule aliajiriwa kwa ajili yao. Ila niliona kwamba mlango wa mwanaume pale ni mmoja, wa mshtakiwa. Sikurudi.

Nilitaka kumalizia hapo: wote hawafai. Lakini kuna mzee mmoja wa kile kikao, dereva wa zamani wa njia ya Butembo, ambaye hakusema kitu siku ile. Wakati wa kuondoka aliomba nimshike mkono hadi barabarani, kwa sababu ya mawe ya volkano. Tulipofika kwenye kona akaniuliza, "Unalala?" Nikasema hapana. Akasema mwaka 2002, moto wa Nyiragongo ulipokula nyumba yake, alikaa miezi akiwapiga watoto kwa kosa la kupoteza viatu. Viatu! Kisha akapanda pikipiki, akaenda.

Sasa namtembelea Jumapili. Hashauri. Tunachambua maharage, wakati mwingine nasema, wakati mwingine hapana.

Basi labda jibu langu ni mzee, lakini mmoja, na bila kasiye. Na kama mkono wako umeshamgusa bibi yako, usije kujificha kwa mzee, maana wazee wetu wanajua kuficha. Nenda kwa yule binti wa tableti, akuulize hayo maswali yake matatu. Ninapoandika hivi naona pengine aliyauliza sawasawa, kwangu tu hayakuwa yenyewe.

Bibi yangu nimemsomea yote haya. Amesema sukari ilikuwa kilo nzima, na pesa ya Primus bado haijarudi kwenye mtaji.