Barua kwa Mwanangu: Daftari Liko kwa Nani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema kikundi chenu cha kujisomea kimegawanyika tangu ile picha ya tarehe 20 Januari 2025, siku Donald Trump alipoapishwa, Mark Zuckerberg, Jeff Bezos, Sundar Pichai na Elon Musk wakiwa wameketi mbele ya mawaziri wateule. Baadhi yenu wanadai kwamba kwa kuwa mtaji na dola, yaani serikali, vimekaa benchi moja hadharani, mtu wa mrengo wa kushoto hana budi kusimama na China, ambayo angalau imewatia adabu mabepari wake wa teknolojia. Unaniuliza kama wana haki.

Hoja wanayo. Novemba 2020, baada ya Jack Ma, mwasisi wa kampuni ya Alibaba, kuwakejeli wasimamizi wa mabenki mbele ya watu, Beijing iliizuia kampuni yake ya fedha, Ant, siku mbili tu kabla ya hisa zake kuanza kuuzwa sokoni, na Aprili 2021 ikaitoza Alibaba faini ya yuani bilioni 18.2. Sijawahi kuiona Washington ikimshika tajiri wake shati namna hiyo. Hata hivyo swali langu limekuwa jingine miaka yote, na ninyi nyumbani mlilisikia hadi mkalichoka: daftari liko kwa nani, yaani hesabu za kazi ya mtu anazishika nani?

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilikuwa mwendeshaji wa ubao wa simu, nikiwaunganishia watu simu zao kwa mkono, lakini sidhani kama nimewahi kukusimulia ule mkutano wa chama cha wafanyakazi. Wakati huo kila simu ya masafa marefu ilikuwa na kadi yake, nasi tuliandika kwa mkono namba ya mpigaji, namba ya anayepigiwa, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na mwisho wa zamu msimamizi alizihesabu mbele yetu. Aliyehesabiwa pungufu aliweza kubisha, kwa kuwa kadi zilikuwa pale mezani na mwandiko ulikuwa wake. Uliposimikwa mtambo mpya, ukawa unahesabu wenyewe. Karatasi iliyotoka humo ilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitengo, na kilichotufikia sisi kilikuwa barua ya onyo tu.

Chama kikaitisha mkutano na kumwalika msomi mmoja, rafiki wa baba yako, ambaye alieleza kwa ufasaha mkubwa habari za ubeberu na mataifa yaliyokuwa upande wetu. Nilinyoosha mkono nikauliza kama tungeweza kudai nakala ya zile hesabu za mtambo. Akatabasamu, akasema, "Dada, hilo ni la utawala, sisi hapa tunazungumzia mapambano." Ukumbi mzima ukacheka. Baba yako, Mungu amrehemu, naye alicheka. Aliniomba radhi tulipokuwa njiani kurudi, nami nilimsamehe, lakini alicheka.

Kwa hiyo nikisikia watu wazima wakibishana ni mji mkuu upi wa kuuamini, namwona yule msomi jukwaani. Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Hao ndio wanaotazama picha za mauaji na udhalilishaji ili mimi na wewe tusizione, na ndio waliochuja maandishi ya kufundishia akili mnemba, huku kasi yao ikipimwa na programu wasiyoweza kuihoji. Ukitaka siasa za dunia, anzia pale. Au anzia Google mwaka 2018, ambako zaidi ya wafanyakazi 3,000 walitia saini barua ya kupinga kazi yao kutumika kuchambua picha za droni za jeshi la Marekani, na kampuni ikatangaza kwamba haitaurefusha mkataba ule. Walishinda kwa sababu walikuwa ndani na waliijua kazi inakokwenda. Miaka sita baadaye waliopinga mkataba wa Google na Amazon wa kuihudumia serikali ya Israel walifukuzwa kwa makumi, basi nisijifanye kwamba kujua peke yake kunatosha.

Hapo najipinga mwenyewe. Wafanyakazi bila dola wanaishia kufukuzwa. Mwaka 1980 tume ya UNESCO, shirika la elimu na utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliyoongozwa na Seán MacBride ilisema wazi kwamba habari za dunia zinamilikiwa na wachache wa nchi tajiri za Kaskazini, na kufikia mwisho wa 1984 Marekani ilikuwa imejitoa UNESCO. Ni serikali za nchi zisizofungamana na upande wowote zilizolipeleka suala hilo mezani, si vyama vya wafanyakazi. Na Chile ya rais wake msoshalisti Salvador Allende, ambaye picha yake baba yako aliitundika juu ya rafu ya vitabu, iliunganisha viwanda vya umma kwa mashine za teleksi, za kutumiana maandishi kwa waya, na mtandao huo ukaisaidia serikali kupitisha bidhaa wenye malori walipogoma Oktoba 1972. Nani angeweza kufanya hivyo kama si dola? Lakini nayo ilikuwa na chumba maarufu cha kuuongozea mtandao huo, chenye viti saba, na wafanyakazi waliohesabiwa humo kwa nadra sana walishirikishwa katika kuujenga mfumo wenyewe. Baba yako hakupenda nikumbushe hilo.

 

Sasa China. Mwaka 2018 wafanyakazi wa kiwanda cha Jasic, Shenzhen, walitaka kuunda chama chao wenyewe, na wanafunzi wa Kimarx kutoka vyuo vikuu wakaenda kuwaunga mkono. Agosti mwaka huo polisi waliwakamata. Mwaka 2021 mahakama ya juu kabisa ya China ilitamka kwamba kufanya kazi saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, ni kinyume cha sheria, nami nilifurahi kweli; ila shirikisho la vyama vya wafanyakazi linaloruhusiwa ni moja tu, la serikali, na sijui mfanyakazi wa kawaida ataidai hukumu hiyo kupitia mlango gani. Februari 2025 Xi Jinping aliwaita matajiri wa teknolojia kikaoni, na Jack Ma alikuwepo. Watakaosimama na China watueleze pia picha hiyo.

Mjomba wako akiisoma barua hii atasema nimekwepa, kwamba katika vita hakuna anayeuliza habari za kadi, na kwamba anayekataa kuchagua amemchagua mwenye nguvu. Sehemu ya mwisho inanisumbua, sikufichi. Marekani ndiyo yenye nguvu zaidi, na ulimi unaniwasha kukupa jibu moja. Sikupi, kwa kuwa ulichouliza ni kusimama na serikali, na katika serikali hizo mbili sijaiona hata moja iliyompa mfanyakazi nakala ya hesabu zake. Ikitokea iliyofanya hivyo, niandikie siku hiyo hiyo.

Mama yako