Logi za Java: tumehama, mbona kimya?

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya kuhama log4j kuukuu (maktaba ya Java ya kuandika logi, yaani kumbukumbu za programu), nimeokota manne.

Swali, Tudor: Kaka, sisi bado tuko log4j 1.2. Naskia lile tundu la usalama la 2021 halikutugusa, sasa kuna haja gani kuhama?

Jibu: Kweli, tundu hilo, Log4Shell ya Disemba 2021, ilikuwa ya log4j 2. Lakini hiyo yako iliachwa tangu Agosti 2015, ikitoboka leo hakuna fundi. Hama, na usikae chini ya 2.17.1.

Swali, Likoni: Ami, nimehamia log4j 2, programu yawaka sawa, hakuna era hata moja, ila logi za INFO (taarifa za kawaida) sizioni. Nimemaliza ama?

Jibu: Hujamaliza. Angalia folda ya src/main/resources, naweka dau mahamri mawili utakuta log4j.properties ile ile ya zamani. Log4j 2 yatafuta log4j2.xml ama log4j2.properties, ikikosa yajipangia yenyewe, yaandika ERROR (makosa) kwenda juu tu, tena kwenye konsoli, si kwenye faili, ndio maana kimya. Na usibadilishe jina ukaenda zako, maandishi ya ndani pia ni tofauti. Washa programu na -Dlog4j2.debug=true itakwambia imesoma faili gani.

Mimi nikishahama huwa naharibu makusudi. Kwenye seva ya majaribio nakosea paswedi ya databesi, halafu tail -f (amri ya kutazama faili ikiandikwa), nione kosa limeandikwa lote na mistari yake ya chini, kisha nashusha ukubwa wa faili hadi 1 KB nione kama yakatwa na kuanza nyingine. Tuliwahi kuhamisha mfumo wa kutoa mizigo bandarini, Ijumaa tukapongezana, Jumatatu makontena yamekwama na faili ya logi ni sufuri baiti.

Swali, Changamwe: SLF4J (daraja kati ya programu na maktaba ya logi) yalalamika imepata watoa huduma wawili, yaani maktaba mbili za logi.

Jibu: Endesha mvn dependency:tree uone maktaba zilizoingia. Kama mradi ni wa Spring Boot, Logback, maktaba nyingine ya logi, imeingia na spring-boot-starter-logging, itoe. SLF4J 2 yataka log4j-slf4j2-impl, ile isiyo na 2 ni ya zamani.

Swali, Nyali: Logi zaandika 06:00 na simu yangu yasema 09:00?

Jibu: Kontena ya programu yako iko UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko +3. Weka -Duser.timezone=Africa/Nairobi. Halafu mkiongea kwa simu semeni ni saa ya nani, kuna jamaa tulibishana nusu saa nzima juu ya kosa la "saa tatu", yeye asoma 03:00 kwenye skrini, mimi natafuta la asubuhi.