Tateyama na mama mzazi: panda, halafu shuka ulikopandia

Mkuu, acha kwanza. Usilipie chochote. Nimesoma mpango wako nikiwa kwenye treni nikapitiliza kituo. Unatoka Tokyo alfajiri ya Mei 3 na mama aliyekuja kukutembelea kutoka Tanga, mnafika Toyama, mnavuka milima yote ya Tateyama mpaka upande wa Nagano, usiku mnarudi Tokyo, na begi kubwa mnalituma litangulie. Halafu unauliza viatu, chakula, laini ya simu na kama mtamwona raicho, yule ndege mweupe wa mlimani. Viatu! Mkuu, wewe huna tatizo la viatu. Una tatizo la begi.

Mimi nilifanya hivyo hivyo, Aprili 2024. Hivyo hivyo kabisa, mpaka mama, na mke wangu pia. Ramani nilipewa na jamaa mmoja wa kundi letu la wanafunzi, mtu wa kupiga video, akaniandikia: "Japani hakuna kukwama, kila dakika gari, unajiendea tu." Kumbe yeye alipita Oktoba, peke yake, na kibegi cha laptop mgongoni. Hilo kwenye video halimo. Kwenye video kuna muziki.

Sikiliza ile njia ilivyo. Kutoka stesheni ya Tateyama unapanda treni ya kamba, ile inayovutwa na kebo kupanda mlima, dakika 7 hadi Bijodaira, kisha basi dakika 50 hadi Murodo, mita 2,450 juu ya usawa wa bahari. Kuta za theluji ulizoziona kwenye picha ziko hapo. Hapo tu. Ukitaka kuvuka, unaingia basi la handakini hadi Daikanbo (enzi zangu lilikuwa la umeme wa nyaya za juu, siku hizi ni la betri), unapanda ropuwei hadi Kurobedaira, treni nyingine ya kamba inayopita chini kwa chini, unatembea juu ya bwawa la Kurobe, kisha basi jingine la handakini hadi Ogizawa. Ni mnyororo, na pete moja ikikatika unabaki upande ulioko. Hiyo ropuwei ni kijumba kinachoning'inia kwenye waya wa kilometa 1.7 bila nguzo hata moja katikati. Upepo ukizidi wanasimamisha, na wanafanya vizuri. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na video.

Sasa begi. Kuna huduma ya kupitisha mizigo: asubuhi unaliacha upande wa Toyama, linazungushwa kwa gari, jioni unalikuta upande wa pili. Nikaona hii ndiyo akili. Ndani niliweka makoti mazito mawili, maana asubuhi Toyama kulikuwa na jua nikasema tuvae mepesi. Glavu. Chaja. Na dawa za presha za mama. Ndiyo, niliziweka kwa mkono wangu, mfuko wa pembeni wenye zipu, ili zisipotee. Na hazikupotea. Zilifika Omachi, mji wa upande wa Nagano, salama salimini, siku nzima kabla yangu.

Kule juu tulipita ukutani vizuri tu. Nusu ya barabara wanaachiwa watembea kwa miguu, nusu yanapita mabasi, na kando yako theluji imesimama kama jengo. Mwaka wa theluji nyingi hukaribia mita 20. Ukisogea unaona tabaka kwa tabaka, na mistari ya kahawia katikati, ambayo ni vumbi la jangwa linaloletwa na upepo kutoka bara. Mama alichomeka kidole akidhani ni laini kama pamba. Kidole kikagoma. Akaniangalia, akasema, "Baba, hii ni ile barafu ya kwenye friza la samaki." Vidole vilikuwa vimeanza kumuuma, na glavu ziko kwenye begi. Nikavua soksi zangu, akazivaa mikononi. Picha zote za safari ile mama ana soksi mikononi na mimi nina viatu bila soksi. Chekeni, mimi nilichelewa mwaka mzima kucheka.

Saa saba mchana wakatangaza. Kijapani changu ni cha dukani, nikasikia "kaze". Kaze ni upepo, lakini pia ni mafua. Nikamwambia mke wangu wanatukumbusha kunawa mikono. Tukaenda kunywa chai. Tulikaa saa mbili nzima tukisubiri zamu yetu ya kuvuka, huku wenye akili wakishuka mmoja mmoja. Nilipoelewa kwamba ropuwei imesimama, foleni ya basi la kurudi ilikuwa imejikunja ndani ya jengo kama mkia wa mamba.

Tulifika Toyama usiku. Hoteli ya watu watatu bila kuagiza mapema, bei ya siku hiyo, nakuachia uwaze. Ningeweza kuomba begi litumwe kwa takuhaibini, wale wa kupeleka mizigo mlangoni, mpaka nyumbani, ila presha ya mama haisubiri kesho kutwa. Kwa hiyo asubuhi, mimi peke yangu: shinkansen, treni ya mwendokasi, hadi Nagano, treni hadi Matsumoto, kisha treni ya laini ya Oito hadi Shinano-Omachi, kumfuata mgeni asiye na miguu. Kisha kurudi. Mama akaniuliza kwa simu, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo huko mzigo husafiri bila mwenyewe?" Jumla ilinitoka yeni 71,000 ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Kwa hela ya nyumbani ni zaidi ya milioni moja, na jamaa wa video nilipomweleza alijibu kwa kikatuni cha kucheka.

Kwa hiyo: PANDA KUTOKA UPANDE WA TOYAMA, SHUKA ULIKOPANDIA. Begi liwe kwenye kabati la kukodi kwa sarafu pale stesheni ya Toyama, dawa ziwe kwenye mkoba wa mama mwenyewe. Hadi Murodo una vyombo viwili tu, treni ya kamba na basi. Dhoruba ya theluji inaweza kusimamisha hata basi, sikatai, lakini ukirudishwa unarudishwa palipo na begi lako. Utaniambia bwawa la Kurobe, mita 186, refu kuliko yote Japani. Mkuu, yale maji yanayofoka kwenye picha hawayafungulii mpaka mwishoni mwa Juni. Mei 3 utavuka mnyororo mzima kwenda kuangalia zege. Mke wangu bado anainung'unikia ropuwei, anasema mandhari yake hayana mfano. Sawa, ataenda na jamaa wa video.

Na hiyo Mei 3 ni katikati ya Golden Week, Japani nzima iko likizo. Tiketi ya treni ya kamba inakuwa na saa yake. Ukifika bila kuinunua mapema mtandaoni utakaa stesheni ya Tateyama ukihesabu magogo. Laleni Toyama usiku wa kuamkia siku hiyo, msitoke Tokyo alfajiri na mtu mzima. JR Pass, ile tiketi ya wageni ya treni za JR, kama unayo, treni ya kutoka Toyama hadi Tateyama haiitambui.

Viatu vyovyote visivyoteleza, ile barabara wameikwangua. Soksi beba jozi mbili za ziada. Chakula sikumbuki tulikula nini. Ndege sikumwona, wenzangu walipokuwa nje wakimtafuta kwenye theluji, mimi nilikuwa nimeziba sikio moja kwenye korido, nikijaribu kumweleza mtu wa Omachi rangi ya begi langu.